Ganzi na moto wa nyayo: uzi wa neva huokolewa kabla haujafa. Tujadili kwa kina (Dodoma na Kanda ya Kati)

#1 Tabibu_Nzuguni

Wakuu, heshima zenu. Naanza na neno lenyewe, maana hapo ndipo wagonjwa wengi wanapopotea. Kiswahili chetu kinaita "mshipa" karibu kila kitu chenye umbo la kamba mwilini: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano, hata ngiri. Mtu akifika dirishani akasema "mishipa inanisumbua", muuzaji anampa anachokijua yeye. Kwenye mjadala huu nitasema neva. Ndani ya neva moja kuna nyuzi maelfu kwa maelfu, zimefungwa pamoja kama katani ndani ya kamba.

Uzi unaofika kidole gumba cha mguu una urefu wa karibu mita 1, lakini kiini cha seli yake kipo pembeni ya uti wa mgongo, kule kiunoni. Protini zinazoutunza hutengenezwa huko na kusafirishwa hadi mwisho. Mizigo ya haraka husafiri hadi milimita 400 kwa siku, ya polepole milimita chache tu. Fikirieni bomba la maji kutoka visima vya Mzakwe: presha ikishuka, nyumba za mwanzo wa laini bado zinakinga ndoo, za mwisho zimeshakauka. Ndiyo maana kisukari, pombe na dawa kadhaa za saratani huanza na vidole vya miguu, pande zote mbili kwa pamoja, kisha ganzi inapanda kama soksi. Ikikaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza, kwa sababu urefu wa nyuzi unakaribiana.

Sasa, uzi unakufaje? Mwaka 1850 Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura, akaona kipande kilichotengwa na kiini kikivunjikavunjika. Kwa zaidi ya miaka 100 iliaminika kwamba kipande kile kinakufa kwa njaa tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakagunduliwa panya ambao uzi wao ukikatwa unaendelea kuishi wiki 2 au zaidi, badala ya siku 1 au 2. Mwaka 2012 ikathibitika kwamba ndani ya uzi kuna protini iitwayo SARM1 ambayo kazi yake ni kuuvunja huo uzi. Ikiondolewa, uzi uliokatwa haufi upesi. Kwa hiyo kifo cha uzi ni kitendo chenye swichi.

Swichi inabonyezwa hivi. Kuna protini nyingine, NMNAT2, inayotengeneza NAD, ambayo uzi hauwezi kuzalisha nishati bila hiyo. NMNAT2 haidumu zaidi ya saa chache, lazima iletwe mpya kila wakati kutoka kwenye kiini. Usafiri ukikatika, NMNAT2 inaisha, malighafi yake iitwayo NMN inarundikana, SARM1 inaamka na kuikatakata NAD iliyobaki. Nishati inazimika, kalisi inaingia ndani ya uzi, nguzo za ndani zinavunjwa. Uzi ukishafika hapo haurudi. Unachoweza kusubiri ni kuota upya kutoka juu, na kuota ni kama milimita 1 kwa siku, tena pale tu ambapo njia haijaharibika.

Dawa za kuizuia SARM1 bado ziko kwenye majaribio. Hakuna iliyoidhinishwa kwa matumizi ya wagonjwa, kwa hiyo yeyote anayeuza chupa ya "kufufua neva" anauza kitu kisichokuwepo. Kazi yetu sisi ni kuondoa kinachobonyeza swichi, na kuondoa mapema. Karibuni, kila mtu aweke anachokijua kwa eneo lake.

#2 Binti_Kikuyu_Kusini

Asante daktari. Swali: mgonjwa wa kisukari anayetumia metformini miaka 6 au 7, sukari yake nzuri, lakini nyayo zinawaka usiku hadi shuka linamkera. Aache metformini? Na je, vile vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B vinavyouzwa kila duka, ameze kwa muda gani?

#3 Mfamasia_AreaC

Dada, metformini asiiache mwenyewe. Akiiacha sukari inapanda, na sukari ndiyo adui mkubwa zaidi wa uzi. Ila umegusa jambo la kweli: metformini hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12, na hatari inaongezeka kadiri dozi ilivyo kubwa na miaka inavyokwenda, hasa baada ya miaka 4 hivi. Kwa hiyo mtu wa miaka 6 mwenye ganzi apimwe B12. Kipimo kisipopatikana karibu, daktari anaweza kuamua kumtibu, kwa sababu B12 ni salama na kuchelewa ni hasara.

Matibabu yenyewe ni sindano ya haidroksokobalamini, miligramu 1. Dalili za neva zikiwepo huchomwa siku moja, inarukwa siku moja, mpaka nafuu isimame, halafu hupunguzwa hadi kila baada ya miezi 2. Kosa ninaloona likiandikwa kwenye karatasi za dawa ni folic acid peke yake kwa mtu mwenye upungufu wa B12. Damu itaonekana imepona, huku neva na uti wa mgongo vikiendelea kuharibika kimyakimya. B12 kwanza, folic acid ifuate.

Kuhusu vidonge vya mchanganyiko, hapa naomba tusikilizane. Vingi vina B6 miligramu 100 hadi 200 kwa kidonge kimoja. Mahitaji ya mtu mzima ni chini ya miligramu 2 kwa siku. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha juu cha B6 hadi miligramu 12 kwa siku. Sababu ni kwamba B6 nyingi ikimezwa miezi mingi inaua nyuzi za hisia yenyewe. Mgonjwa anameza dawa ya ganzi, ganzi inaongezeka, anaongeza kidonge. Geuza boksi, soma upande wa nyuma, tafuta neno "pyridoxine", yaani B6, na namba iliyo mbele yake. Kama hakuna sababu aliyoiandika daktari, hiyo si dawa ya kumeza mwaka mzima.

#4 Tabibu_Nzuguni

Mfamasia kamaliza. Naongeza tahadhari moja ambayo hata watumishi wengine hawaijui. Sukari iliyokuwa juu kwa miaka ikishushwa kwa kasi, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3) ikadondoka kwa pointi zaidi ya 2 au 3 ndani ya miezi 3, mgonjwa anaweza kupata maumivu makali ya neva ambayo hakuwa nayo. Anadhani insulini inamuua, anaiacha. Mwelezeni mapema, na mshushe hatua kwa hatua.

Utafiti mkubwa wa kisukari aina ya kwanza uliotoka mwaka 1993 Marekani na Kanada ulionyesha kuwa kudhibiti sukari vizuri kunapunguza uharibifu wa neva kwa takriban asilimia 60. Kwa aina ya pili faida ipo lakini ni ndogo zaidi. Huko presha, mafuta ya damu, uzito na sigara vina sehemu yake.

#5 Muuguzi_Mvumi

Wengi wanasubiri moto au sindanosindano ndipo waje. Ganzi ya kweli haiumi, na ndiyo inayokata miguu. Nawapa kipimo kisichohitaji kifaa, kinachotumia ncha ya kidole tu. Kilianzia hospitali ya Ipswich, Uingereza, na kinafanyika hata kwenye mkeka nyumbani.

Mgonjwa alale, avue soksi, afumbe macho. Mwambie aseme "kulia" au "kushoto" kila akihisi. Wewe gusa ncha ya kidole cha mguu kwa ncha ya kidole chako cha shahada, kwa wepesi kama unyoya, sekunde 1 hadi 2. Usibonyeze, usipapase, usigonge. Ukibonyeza anahisi msukumo kwenye kiungo na kipimo kinakudanganya. Mpangilio: gumba la kulia, kidole kidogo cha kulia, gumba la kushoto, kidole kidogo cha kushoto, kidole cha kati cha kulia, cha kati cha kushoto. Usirudie kidole alichokosa. Akikosa 2 au zaidi kati ya 6, miguu yake haina ulinzi na apelekwe kliniki ya kisukari akapimwe kwa uzi maalumu wa plastiki unaobonyeza kwa gramu 10.

Mguu usiohisi hapa kwetu una maadui wake. Mwiba wa mgunga unatoboa kandambili moja kwa moja, na mtu anatembea nao wiki nzima. Katambuga ni imara chini, lakini angalia msumari uliochomoza ndani na ukanda unaosugua. Kila jioni mguu ukaguliwe kwa macho na kwa kiganja, pamoja na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo kilichowekwa sakafuni au mjukuu amwangalizie. Maji ya kunawa yapimwe kwa kiwiko. Mafuta ya kupaka ni kwa kisigino na nyayo, si katikati ya vidole, pale panaoza. Na tafadhali, mguu usisogezwe kwenye jiko la mkaa zile asubuhi za baridi za Juni na Julai.

#6 Mdau_Kongwa

Na dawa za maumivu? Amitriptilini na gabapentini zinalinda neva?

#7 Mfamasia_AreaC

Hapana mkuu. Zinatuliza kelele, haziokoi uzi. Lakini kulala usiku ni haki ya mgonjwa, kwa hiyo zina nafasi yake. Amitriptilini huanza miligramu 10 hadi 25 usiku, ikipandishwa taratibu. Ichunguzwe kwanza kwa mzee, mwenye tezi dume, presha ya macho au mapigo ya moyo yasiyotulia. Gabapentini ni lazima ipunguzwe kama figo zimechoka, na wagonjwa wengi wa kisukari figo zao zimechoka. Asidi ya alfa-lipoiki, mtakutana nayo kwa bei kubwa: kwa dripu ya wiki 3 imepunguza dalili, ila jaribio la vidonge lililodumu miaka 4 halikufikia lengo lake kuu. Sitamshauri mtu auze mbuzi kwa ajili hiyo.

#8 Mratibu_TB_Singida

Upande wa kifua kikuu jambo liko wazi na bado tunapoteza watu. Isoniazidi, dawa ya TB, inavuruga matumizi ya B6 mwilini. Mwenye hatari zaidi ni anayeishi na VVU, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye utapiamlo, mnywaji wa pombe, mwenye ugonjwa wa figo. Hao wanahitaji piridoksini (ndiyo hiyo B6) miligramu 10 hadi 25 kila siku kuanzia kidonge cha kwanza cha isoniazidi, si baada ya ganzi kuanza. Hii inahusu pia wanaomeza isoniazidi kama kinga.

Ona tofauti na alichosema mfamasia hapo juu: hapa B6 ni kinga kwa sababu kuna kitu kinaikwamisha. Dozi ndogo, sababu inayojulikana, muda unaojulikana. Ganzi ikishaanza, daktari huipandisha hadi miligramu 50 au 100 kwa muda, kisha hurudisha chini.

Kwa TB sugu, dawa iitwayo linezolidi ni habari nyingine. Inaumiza neva kwa njia tofauti na piridoksini haizuii. Kwa hiyo kila ziara muulize mgonjwa kuhusu nyayo na mwonyeshe chati ya macho, kwa sababu neva ya jicho nayo iko hatarini. Dalili zikionekana, timu inapunguza dozi kutoka miligramu 600 hadi 300 au inaisimamisha. Mgonjwa anayeogopa kuambiwa aanze upya huficha ganzi. Muulizeni kwa upole, na muulizeni kila mara.

#9 Muuguzi_Hombolo

Nimesoma yote nikasubiri mtu ataje ukoma. Watu wanadhani umeisha. Wagonjwa wapya bado wapo, dawa ni bure, na wadudu hufa haraka. Kinacholemaza ni mwili wenyewe kupambana na mabaki ya wadudu ndani ya neva. Neva inavimba ndani ya ala yake isiyotanuka, nyuzi zinabanwa. Hii inaweza kutokea kabla ya dawa, katikati, au hata baada ya kumaliza dozi.

Neva za kushika kwa vidole: ya kiwiko nyuma ya mfupa wa ndani, ya pembeni ya goti chini kidogo ya nje, na ya kifundo cha mguu upande wa ndani. Linganisha kulia na kushoto. Halafu pima nguvu: afumbe macho kwa wepesi uone kama kope zinakutana, atanue kidole kidogo, anyanyue gumba kuelekea dari, anyanyue mguu juu. Andika matokeo kila mwezi kwenye kadi. Bila rekodi ya mwezi uliopita huwezi kujua kwamba kidole kimedhoofika.

Upungufu mpya, yaani wa chini ya miezi 6, ni dharura. Utaratibu wa wiki 12 wa prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe, kwa mtu mzima ni huu: miligramu 40 kwa wiki 2, 30 kwa wiki 2, 20 kwa wiki 2, 15 kwa wiki 2, 10 kwa wiki 2, 5 kwa wiki 2. Wengine huandikiwa wiki 20. Kabla ya kuanza: apimwe TB, sukari na presha, apewe dawa ya minyoo, aulizwe vidonda vya tumbo. Dawa za ukoma haziachwi. Mgonjwa asikatishe prednisoloni ghafla akiona nafuu wiki ya 3, maana uvimbe hurudi na safari hii uzi hausubiri. Mkono au mguu wenye neva iliyovimba upumzishwe kwa banzi laini siku za maumivu.

Zaidi ya miezi 6 ganzi ipo palepale, prednisoloni ina madhara mengi kuliko faida. Hapo kazi ni kulinda jicho, kiganja na unyayo.

#10 Fiziotiba_Makulu

Naja na neva zilizokatwa, maana bodaboda, panga na vioo havitupi likizo.

Jeraha la kifundo cha mkono: pima hisia KABLA ya kuchoma ganzi ya kushonea. Ncha ya kidole cha shahada ni neva ya kati, ncha ya kidole kidogo ni neva ya kiwiko, ngozi ya nyuma kati ya gumba na shahada ni neva ya upande wa gumba. Ukishachoma dawa ya ganzi umefuta ushahidi. Ngozi ikashonwa vizuri, neva ikabaki imekatika ndani, inagundulika miezi 4 baadaye.

Mkato safi wa kisu au kioo ushonwe na daktari wa upasuaji ndani ya siku chache. Kutoka kifundo hadi ncha ya vidole ni sentimita 18 hivi, kwa hiyo kwa milimita 1 kwa siku ni miezi 6, na ukiongeza mwezi wa kuanza kuota ni 7 hivi. Msuli usiofikiwa na neva kwa miezi 12 hadi 18 hauamki tena. Ndiyo maana bega lililovutwa kwenye ajali ya pikipiki, lisiporudi kabisa kufikia miezi 3, lipelekwe kwa wapasuaji wa neva, si kusubiri mwaka.

Kipimo cha umeme wa neva kina mtego. Ukikifanya siku ya 3, kipande cha chini ya mkato bado kinapitisha umeme, kwa sababu swichi aliyoieleza Tabibu haijamaliza kazi. Kwa binadamu msuli huacha kuitika kati ya siku ya 7 na 9, hisia siku ya 10 au 11. Picha kamili, pamoja na sindano ya msuli, ni baada ya wiki 3. Majibu mazuri ya siku ya 3 yasimfurahishe mtu.

#11 Binti_Kikuyu_Kusini

Na mtoto aliyechomwa sindano ya tako, sasa anaburuta mguu?

#12 Fiziotiba_Makulu

Hiyo ni neva ya siatiki, ile kubwa inayopita takoni kwenda nyuma ya paja, na karibu kila mara ingeweza kuzuilika. Tako la mtoto mdogo ni dogo, neva iko karibu, na dawa kama kwinini au diklofenaki zinaunguza uzi hata zikidondoka pembeni yake tu. Mtoto achomwe upande wa nje wa paja, theluthi ya katikati, kama chanjo. Mtu mzima, sehemu salama zaidi ni ubavu wa nyonga: kiganja juu ya mfupa wa nje wa nyonga, kidole cha shahada kielekee ncha ya mbele ya mfupa wa kiuno, kidole cha kati kitanuliwe nyuma, sindano iingie katikati ya vidole hivyo viwili. Mgonjwa akiruka kwa umeme ulioshuka hadi mguuni, chomoa, usisukume dawa. Na kama anaweza kumeza, kwa nini achomwe?

Akishaumia, banzi lianze wiki hiyohiyo. Unyayo na muundi vikae pembe ya digrii 90, ndani kuwe na sponji au kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, mikanda 3: vidoleni, kifundoni, chini ya goti. Mkanda wa juu usikae juu ya kichwa cha mfupa wa nje chini ya goti, unabana tawi la neva ileile. Siku ya kwanza livuliwe baada ya saa 2. Wekundu usiofifia ndani ya nusu saa maana yake paongezwe sponji. Mzazi anyooshe kifundo mara 20, asubuhi, mchana na jioni, ili kano ya kisigino isifupike. Miezi 3 bila dalili ya kunyanyua mguu, apelekwe rufaa.

#13 Mzabibu_Mpunguzi

Naomba mtu azungumzie sumu za mashambani, huku kwenye zabibu tunapulizia sana.

#14 Tabibu_Nzuguni

Mkuu, swali zuri. Baadhi ya viuatilifu vya kundi la oganofosfeti hufanya mambo mawili tofauti. La kwanza mnalijua: mate, jasho, kuhara, mboni kuwa ndogo kama tundu la sindano, na hospitali hutoa atropini. La pili huja mtu akishasahau, siku 7 hadi 21 baadaye: maumivu ya mashavu ya miguu, ganzi, kisha miguu kulegea kuanzia chini. Hapo uzi unakufa kutoka mwisho kurudi nyuma, na atropini haizuii. Kwa hiyo aliyewahi kulewa sumu arudi kupimwa nguvu ya miguu wiki ya 2 na ya 3, hata kama anajiona mzima, na aje na kopo au lebo yake.

Ngozi ndiyo mlango mkubwa. Bomba la mgongoni linalovuja kwenye kifuniko linalowesha shati mgongoni saa nzima. Badilisha mpira wa kifuniko kabla ya msimu. Shati likilowa, vua hapohapo, oga kwa sabuni, na nguo hizo zifuliwe peke yake, si kwenye beseni la nguo za watoto.

#15 Mzabibu_Mpunguzi

Nimeelewa daktari. Hiyo ya lebo nitaibandika stoo kesho asubuhi.